Tone Moja Sikioni

Kila asubuhi, kabla sijatia mguu chini, nainamisha kidevu mpaka kiguse kifua. Kikigusa bila maumivu, naamka. Marehemu mume wangu alidhani ni namna yangu ya kusali, nami sikumsahihisha, maana kusema kweli sala imo ndani yake. Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili mtu asitegemee ushujaa hapa. Siku hizi sisi watu wa maabara tunasifiwa mikutanoni, tunaitwa askari wa mbele katika vita dhidi ya maradhi, na nikisikia maneno hayo natamani kutoka nje, kwa sababu askari nawajua.

Nimefanya kazi katika maabara moja hapa Kindu, mji wa kando ya mto, tangu kabla ya vita. Leo tuna umeme wa jua juu ya paa, tuna mashine ya kusoma alama za vijidudu, tuna pikipiki zinazokusanya vipimo vijijini. Juzijuzi pikipiki ilileta kichupa kutoka barabara ya Lubutu, maji ya uti wa mgongo wa mtoto mwenye homa kali na shingo iliyokakamaa. Kilikuwa kimefukiwa ndani ya sanduku la barafu. Nilipokigusa kilikuwa baridi kama samaki wa friji, nikaanza kufoka. Muuguzi aliyekileta, mwanamume mzima mwenye mvi kuliko mimi, alinigeukia akauliza.

"Mama, si tulifundishwa vyote vinasafiri ku baridi?"

"Chanjo njo inapenda baridi," nikamwambia. "Kadudu ka ugonjwa huu kanapenda joto la mwili wa muntu. Ukikapa barafu kanakufa."

Bahati yake ni kwamba mashine haijali kama kijidudu ni kizima au kimekufa. Inatafuta alama yake tu. Alasiri ile ile ikatuambia kwamba ugonjwa tuliouogopa, homa ya uti wa mgongo inayoambukiza, haukuwemo. Jibu lilitoka kabla sijamaliza kuogopa, nikawa bado nimekaa mbele ya mashine huku wenzangu wamekwisha kunawa mikono na kwenda kula. Wao ni vijana. Hawajui kwamba zamani, ili kukijua kijidudu hicho, ilikuwa lazima kifike kwetu kikiwa hai, na mtu akibebe.

Wakati wa vita mji wetu ulizingirwa. Ndani walikaa askari walioutwaa, na nje, msituni, walikaa wapiganaji waliojipaka dawa ya maji, wakiamini kwamba risasi zikiwafikia zitayeyuka. Sombe, yale majani ya mihogo, na mihogo yenyewe vya ng'ambo ya mto vikaadimika, chumvi ikawa kama dhahabu. Ndipo habari ikavuka mto kwamba katika vijiji vya njia ya Kailo watoto wanakufa kwa homa, shingo zikikauka na vichwa vikipinda nyuma. Watu wa misaada wenye dawa walikuwa na akiba ndogo ghalani mjini, na hawakukubali kuivusha bila maabara kusema ni ugonjwa gani. Sikuwalaumu sana. Dawa ikipelekwa kusikohusika, itakuwa imekwisha pale itakapohitajika.

Muuguzi wa kituo cha ng'ambo akatuletea kichupa cha kwanza katika sanduku la chanjo, juu ya vipande vya mwisho vya barafu alivyokuwa navyo. Alivuka nacho kwa taabu kubwa, na aliilinda baridi yake kama mboni ya jicho. Tukayapanda maji yake kwenye kisahani chenye chakula cha vijidudu. Hakukuota kitu. Daktari wetu, mkuu wa maabara, alikitazama kile kisahani kitupu, kisha akasema lazima aende mtu anayejua, akilete kingine kikiwa na joto la mwili, palepale kinapotoka mgongoni mwa mgonjwa.

Wanaume hawakuweza kwenda. Mwanamume akivuka mto, kila upande ulimwona mpiganaji wa upande mwingine. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni na kikapu cha chumvi alikuwa mchuuzi tu. Katika maabara yote mwanamke alikuwa mmoja, nami nilikuwa nanyonyesha binti yangu wa kwanza, aliyekuwa hajaanza kutambaa. Mama yangu aliposikia aliniambia, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Weye baki mwoga, mwanangu." Nikamwambia kwamba ni woga ndio unaonituma. Mtaa wetu ulikuwa umejaa wakimbizi, nyumba moja watu wa nyumba tano, wote wakipumua hewa moja. Ugonjwa ule ukivuka mto ungempata binti yangu kabla ya kunipata mimi.

Kwenda kulikuwa rahisi kuliko nilivyotazamia. Wale wa msituni walikuwa na mwiko wa kuguswa na mwanamke, dawa yao isiharibike. Waliponiona njiani walijitupa majanini, wakanipisha kama vile mimi ndiye niliyebeba bunduki. Ningecheka kama meno yangu yasingekuwa yanagongana. Nililala kituoni, na alfajiri muuguzi akamdunga mvulana mmoja mgongoni, mama yake akimshika miguu. Maji ya uti wa mgongo yakiwa mazima huwa maangavu kabisa, mtu angedhani ni ya mvua. Haya yalitoka na ukungu kama maji yaliyooshewa mchele. Nikakifunga kichupa kwa kitambaa tumboni, juu ya kitovu, nikavaa vitenge viwili, nikamfunga binti mgongoni, nikashika njia. Mpaka mtoni ulikuwa mwendo wa asubuhi.

Sasa nieleze nilichokuwa nikikiogopa. Askari wa mjini hawakuogopa bunduki za msituni kama walivyoyaogopa yale maji ya dawa. Kila chupa iliyotoka ng'ambo waliimwaga. Mwanamke mmoja aliyekutwa na kichupa kidogo kiunoni alipelekwa nyuma ya ghala la bichi, pale mitumbwi inapofika, na kikapu chake kikabaki pale ufukweni mpaka kuku wakakimaliza. Nami nilikuwa navuka na maji yenye ukungu, katika kichupa, yamefichwa mwilini.

Pirogi, ule mtumbwi uliotuvusha, ikagusa bichi. Tukapangwa mstari. Nyuma yangu alikuwepo mama mmoja mwenye dumu la mawese. Askari aliyetupekua alikuwa mtu mtulivu, na utulivu wake ndio ulionitisha. Akanitaka nimfungue mtoto. Nikamfungua, nikamshika mkononi, amelala. Akanitaka nifungue kitenge cha juu. Akakiona kitambaa.

"Iko nini?"

"Iko dawa ya masikio, shefu. Ya mutoto."

Sijui uongo ule ulitoka wapi. Labda kwa sababu wiki ile sikio la binti lilikuwa likitoa usaha na mawazo yangu yalikuwa huko. Askari akakinyanyua kichupa juani, akakigeuza, akanirudishia.

"Basi mutie. Mi nione."

Hapo ndipo nilipojua kwamba mtu anaweza kuanguka akiwa amesimama. Nikikataa, basi ni dawa ya maji, na nyuma ya ghala hakuko mbali. Nikikubali, namtia binti yangu maji yanayoua watoto wa Kailo. Kusema ukweli nako hakukufaa, maana nilikwisha kusema uongo, ukweli sasa ungeonekana uongo wa pili, na hakuna askari wa bichi ile aliyewahi kumwachia mtu kwa huo.

"Iko kali, shefu," nikasema. "Nipime kwangu kwanza."

Nikafungua kifuniko, nikainamisha kichwa, nikatia tone moja katika sikio langu la kushoto. Nilingoja kulisikia likiingia. Sikulisikia. Halikuwa baridi wala moto, lilikuwa na joto langu mwenyewe, maana asubuhi nzima mimi ndiye niliyekuwa nikilipasha. Niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu, na ninaandika hivi nikiwa nimezika watu wengi.

"Na mutoto?" akauliza.

Nilimtazama binti, alikuwa amefungua mdomo kidogo usingizini. Nadhani nilikuwa tayari kukirusha kichupa mtoni na kufa. Lakini macho ya askari yalikwisha kupita bega langu, yakatua kwenye dumu la mawese. Mjini mafuta yalikuwa hayapatikani kwa bei yoyote. "Pita," akasema, akamwita yule mama. Sikugeuka nyuma. Mpaka leo simjui jina, na mafuta yake ndiyo yaliyotuokoa.

Nilipofika maabara nilimpa daktari kichupa kabla ya kusalimia. Alikuwa na kisahani tayari, cha damu ya mbuzi iliyopikwa mpaka ikageuka rangi ya kahawa, maana kijidudu hiki kinadeka, hakili chakula kingine. Akayapanda yale maji, akatia kisahani katika chungu cha kioo pamoja na mshumaa unaowaka, akafunika. Mshumaa unapozimika wenyewe, hewa iliyobaki ndani ndiyo kinayoipenda. Umeme haukuwepo, tukakiweka katika sanduku karibu na mbabula, jiko letu la makaa, mtu akikaa kulinda joto. Ndipo nilipomwambia habari ya sikio.

Alilichungulia kwa tochi. Akasema ngozi ya ndani inaonekana nzima, huenda ikazuia. Kisha akasema pole pole, "Lakini ugonjwa huu unasafiri kwa pumzi. Usimuguse mutoto mupaka tujue." Famasi ilikuwa imeporwa, kidonge cha kunikinga hakikuwepo, na dawa ya ghalani ilikuwa ya kutibu waliougua, si ya kukinga. Mama yangu akaja kumchukua binti mlangoni. Alinyoosha mikono nikamwekea mtoto kwenye kizingiti, nikarudi nyuma, akamwokota. Nikasikia kilio kikienda kikipungua mpaka kwenye kona ya barabara.

Nikalala maabara, juu ya benchi, karibu na mbabula. Na hapa nitasema jambo ambalo sijalisikia katika mkutano wowote wa kuimarisha maabara. Nilimwomba Mungu kijidudu kisiote. Watoto wa njia ya Kailo walihitaji kiote ili dawa ivuke. Mimi nilihitaji kisahani kibaki kitupu, kwa sababu chochote ambacho kingeota pale kilikuwa pia ndani ya sikio langu. Niliomba hivyo huku nachochea makaa ili kiote. Maziwa yalinijaa mpaka kifua kikawa kigumu, nikayakamua katika bakuli na kuyamwaga nyuma ya nyumba.

Asubuhi ya kwanza hapakuwa na kitu. Niliona haya kwa furaha niliyoisikia. Asubuhi ya pili daktari alifunua chungu, akakitoa kisahani, akakishika kwa mikono miwili, na juu yake palikuwa na matone madogo ya kijivu yanayong'aa. Alicheka. Tangu mji uzingirwe sikuwahi kumsikia akicheka. Siku hiyo hiyo waliokuwa na dawa walikubali, na vichupa vya dawa vikavuka na wanawake wa chumvi, walioambiwa waseme vyote ni vya kliniki ya wajawazito. Yule mvulana wa maji yale hakuisubiri, alikwisha kufa. Wengine walidungwa dawa hiyo, na wengi wakapona.

Mimi niliendelea kukaa maabara. Kila asubuhi daktari alisimama mlangoni akaniambia, "Kidevu ku kifua, mama." Nikainamisha. Usiku nilihisi shingo inakaza, nikainamisha tena na tena gizani, mpaka misuli ikauma kwa kuinamishwa, na maumivu hayo nikayadhani ndiyo yenyewe. Sikupata homa. Siku zilipopita za kutosha, daktari akaniambia niende nyumbani kwa mtoto.

Nilikwenda nikikimbia. Nilikuwa nimeoga kwa sabuni ya maabara mpaka ngozi ikawasha. Mama alikuwa uani, binti amekaa mapajani mwake. Nikamchukua, nikaketi palepale chini, nikafungua kifua. Maziwa yalikuwa yamepungua lakini yalikuwepo. Akaligusa ziwa kwa mdomo, akageuza uso. Nikamgeuzia upande wa pili. Akalia, akamnyooshea mama yangu mikono. Mimi niliyepita kwa yule askari bila chozi nilianza kulia kwa sauti, majirani wakatoka.

"Anakunywa uji sasa," mama yangu akasema.

Alikuwa na bakuli pembeni yake. Nikachukua kijiko, nikapuliza. Kisha nikakumbuka kwamba nimepuliza, na kwamba pumzi ile ni yangu. Nikaumwaga uji ule, nikachota mwingine, nikaungoja upoe wenyewe.