Ruta, Swichi na Usipa wa Liuli

Mwalimu wa mjukuu wangu aliwaambia darasani kwamba jambo usiloweza kumweleza bibi yako mpaka akaelewa, basi hata wewe hujalielewa. Mjukuu akaja na maneno hayo mpaka kwangu Maguu, akicheka kama mtu aliyeleta zawadi. Mimi sikucheka. Kumbe huko Songea watu wanalipa ada, wanakaa kwenye viti, na kipimo chao cha ujinga ni mimi.

"Mwambie mwalimu wako," nikasema, "bibi yako amezaa, amezika, na ameuza kahawa kwa wezi wa kila rangi. Aje anipime hapa hapa jikoni."

"Bibi, si tusi. Ni mazoezi."

"Haya, mke mwenza, fanya mazoezi. Lakini mikono ichambue maharage."

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Kila mwenye mizani alikuwa mnunuzi wa kahawa, na kila mwenye chumba na ubao alikuwa na chuo. Chuo cha mjukuu wangu kilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro. Alikuwa anasomea kuunganisha kompyuta ili zizungumze. Jirani yangu aliposikia alishika kiuno. "Zizungumze nini? Sisi wenye midomo tumeelewana lini?"

Majirani sikuwajali. Shida ilikuwa mwanangu wa kwanza, baba mkubwa wa mtoto. Nimemzaa mwenyewe, kwa hiyo kumsema nina haki. Mdogo wake, baba wa binti, alipofariki, yeye ndiye aliyesimamia kahawa ya marehemu, na kahawa hiyo ndiyo iliyomsomesha binti. Sasa bei imeshuka, akasema, likizo ikiisha msichana asirudi chuoni. Aje Mbuji kuuza dukani kwake. Duka lenyewe ni chumvi, mafuta ya taa, na yeye mwenyewe amesimama mlangoni na kalamu sikioni, ingawa sijapata kumwona akiandika.

Binti alilia usiku mmoja, asubuhi akafunga madaftari yake kwa kamba, na huko kufunga ndiko kulikoniuma. Shauri likapelekwa sengu.

Kwetu Umatengoni wanaume wa ukoo wanakula pamoja kwa mkubwa wao, na ndiyo sengu hiyo. Wake wanapika, wanapeleka vyakula, wanapiga goti, wanaondoka. Wanaume wakishashiba ndipo wanaamua mambo ya watu. Wakiwa na njaa hawaamui kitu, na wakila vibaya wanaamua vibaya. Hilo nililijua mapema nilipoolewa, nikitokea ziwani. Mimi ni Mnyasa wa Liuli, na usipa wa kwetu, vile visamaki vidogo, nikivipika na nyanya, nimeona wazee wa kilimani wakilamba vidole mpaka nikawaonea huruma. Nikaagiza gunia la usipa mkavu kwa dada yangu. Sengu hiyo nilitaka wale hadi wanyamaze.

Tukingoja usipa, masomo yaliendelea. Mjukuu alipanga maharage mkekani, kila harage kompyuta, akavuta nyuzi za kufungia mboga kati yake.

"Kuna kifaa cha zamani, bibi. Ukikiambia neno la mtu mmoja, kinawapigia kelele wote."

"Namjua. Anakaa nyumba ya pili."

"Swichi, kifaa kipya, haiko hivyo. Kila anayesema, inakumbuka sauti yake imetokea tundu lipi. Ikiwa na neno la kumpa mtu isiyemjua alipo, itauliza kwa wote. Akishaitika, mara ya pili inamwendea yeye tu."

"Hiyo imelelewa vizuri. Mimi nikiita 'wewe!' hapa uani, wanaitika watoto wote na mbuzi."

"Swichi ni ya ndani ya ua, bibi. Kuvuka kwenda ua mwingine kuna ruta."

Akaeleza ruta. Sikuelewa. Akaeleza tena kwa maneno ya darasani, nikamwambia anaongea kama mtu mwenye uji wa moto mdomoni. Akatazama barabarani, kisha akauliza, "Usipa unafikaje hapa?"

Nikamweleza. Dada yangu anampa mwenye lori. Mwenye lori haijui Maguu, anaijua stendi ya Mbinga. Mpokea mizigo wa stendi hanijui mimi, analijua gari la Maguu. Kondakta wa gari haijui nyumba yangu, anajua duka la kushushia. Hakuna hata mmoja anayeijua njia nzima. Kila mmoja anajua mkono wa mbele yake tu, na usipa unafika.

"Hao wote ni ruta, bibi."

"Kondakta yule mlevi?"

"Hata yeye."

"Basi kompyuta zenu nazihurumia."

Tukacheka, lakini usipa haukufika. Lori la Liuli lilikwishapanda mlima na kurudi ziwani. Mvua za masika zilikuwa zinapiga, na sengu ilikaribia. Nikaanza kumlaani dada yangu, kisha mwenye lori, kisha kondakta kwa sababu ya desturi. Mjukuu akafunga kanga.

"Tusilaumu njia nzima. Nitafuata mkono kwa mkono mpaka nione panapokatika. Hata kwenye kompyuta ndivyo tunavyofanya."

Akaondoka na gari la asubuhi. Alirudi siku yenyewe ya sengu, gunia kichwani, na harufu ilimtangulia mpaka mbwa wakasimama.

Mambo yalikuwa hivi. Pale stendi ya Mbinga mpokea mizigo alimwambia, "Mizigo ya ukoo wenu siku hizi tunaipeleka Mbuji. Baba yako mkubwa ameagiza, chochote chenu kipitie kwake." Mwanangu alitaka kila kitu kipite mbele ya macho yake, aonekane mkubwa. Binti akaenda Mbuji, akamkuta mke wa baba yake mkubwa dukani. Huyo naye akasema, "Ya Maguu? Hapa hatuna gari la Maguu. Kila ikija nairudisha Mbinga, wao ndio wenye magari." Basi stendi wanatuma Mbuji, Mbuji wanarudisha stendi, kila upande ukiamini mwenzake ndiye ajuaye njia, na usipa wangu juu ya keria unanyeshewa kwenda na kunyeshewa kurudi, mpaka binti alipoushusha ukiwa umeoza.

Niliwapikia wanaume maharage. Nikayapeleka, nikapiga goti kama inavyotakiwa, kisha nikaliweka gunia katikati ya sahani na sikuondoka.

Shemeji yangu mkubwa, kaka wa marehemu mume wangu, ndiye mwenye sengu. Akaziba pua. "Shemeji! Hiki nini tena?"

"Usipa wenu, shemeji. Umetembea kuliko nyie wote."

"Umetembeaje?"

"Muulizeni huyu msichana mnayetaka kumwachisha masomo."

Binti akapiga goti kando yangu. "Shikamooni, babu zangu." Akaeleza stendi, akaeleza Mbuji, hakuongeza chumvi wala hakupunguza. Mwanangu akatoa kalamu sikioni, akairudisha.

"Niliagiza hivyo ili mali isipotee!"

"Baba mkubwa, kutaka ipite kwako si kosa," binti akasema. "Lakini nyumbani kwako hukuwaambia ikifika itoke kwenda wapi. Ndiyo maana ikawa inazunguka."

Mzee mmoja mwenye meno machache akainama mbele, maharage kidevuni. "Na ingekoma lini?"

"Kwenye kompyuta, babu, kila mzigo unapewa idadi ya mikono ya kupitia. Kila mkono unapunguza mmoja. Ikiisha, unatupwa, usije ukazunguka milele na kuziba njia."

"Usipa nao umeandikiwa idadi yake," nikasema. "Pua ndiyo inayoisoma."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mwanangu hakucheka.

"Mtoto wa kike atanifundisha mimi?"

"Hakufundishi," shemeji akamwambia. "Anakuonyesha njia ilipokatikia."

Basi wakauacha ukoo mzima na mashauri yake, wakashika usipa. Yupi apokee mizigo Mbinga, yupi aulizwe kwanza, nani alipoteza sukari ya kipaimara mwaka uliopita. Kumbe hata sukari ile! Binti akajibu kila swali, na magoti yake yakachoka, akakaa chini kabisa kama mtu wa pale, na hakuna aliyemwambia ainuke. Mimi nilikuwa natazama mikono yake. Ilikuwa inachora njia vumbini, stendi hapa, Mbuji pale.

Watu walipoanza kunawa, mwanangu akakohoa. "Bado lile suala la msichana na chuo."

Shemeji alikuwa anachokoa meno kwa kijiti. Hakuacha kuchokoa. "Wewe umepoteza usipa wa sengu. Nikupe na mtoto?"

Kahawa ya baba yake binti ikaja mkononi mwangu, nami ningeiuza hata kwa mwizi mwenye mizani mbovu kuliko wote ili ada ipatikane. Likizo ilipoisha, mwanangu alikuja kutoka Mbuji kumsindikiza binti. Alimbebea begi mpaka garini, akalipandisha, akabaki ameshika mlango wa gari kama mtu aliyesahau jambo.

"Ukimaliza," akasema kwa sauti ndogo, "utapita Mbuji uangalie na pale dukani?"

"Nitapita, baba mkubwa."

Gari likaondoka. Akanigeukia, akitafuta uso wa mama. Nikamwambia ashike lile gunia la usipa lililokuwa bado linanuka uani, alizike mbali na nyumba yangu, na achimbe shimo refu.