Wivu Uliotupeleka Kwenye Mchanga wa Mbwa

Ipo siku moja ya Kariakoo, mwanangu, ambayo hunijia kila nikikuona umemkalisha mtoto chini bila nguo. Acha nikusimulie, ila mwinue kwanza.

Tulipanga nyumba moja ya vyumba sita. Mimi na baba yenu tulikaa chumba cha mbele, Mwanahawa na mumewe chumba kinachotazamana na chetu. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, sabuni kwa foleni, unga kwa foleni, na kwenye foleni ndiko tulikopimana watoto. Mimi nilikuwa na Zuhura, yeye ana Shabani, wamezaliwa mwezi mmoja. Shabani alianza kutembea Zuhura wangu akiwa bado anasota kwa makalio. Watu wakimsifu yule mtoto, roho inaniuma mpaka nageuza uso. Nilimchukia, nakwambia kweli, kwa miguu yake tu.

Kwetu mtoto aliyechelewa kusimama huchimbiwa shimo mchangani, akafukiwa hadi kiunoni ili miguu ipate nguvu. Mchanga ulikuwepo uani, lakini sikutaka Mwanahawa ajue kwamba wangu anahitaji kusaidiwa. Basi nikawa natoka naye asubuhi, nimemfunika kanga, hadi mtaa wa Gerezani, nyuma ya karakana moja, penye kivuli cha ukuta na mchanga laini wenye unyevu. Mlinzi wa pale alifuga mbwa, na walikuwa wakilala papo hapo. Mbwa wenyewe niliwakwepa, wasije wakanilamba wakanitia najisi. Kinyesi chao nilikisukuma pembeni kwa ndala, kisha nikamfukia mwanangu.

Haukupita muda mrefu, Zuhura akaanza kujikuna usiku na mchana. Makalioni na mapajani ikatokea mistari myekundu iliyopindapinda, na kila nikiitazama naona imesogea. Sikumfikiria mbwa hata kidogo. Nilimfikiria Mwanahawa, kwa sababu ukishamwonea mtu wivu unaona yeye ndiye anayekuonea. Nikaenda kwa Mzee Kondo, balozi wetu wa nyumba kumi, nikamwambia mwenzangu amemchezea mtoto wangu, ni mchawi, ahamishwe. Nilijua ninachokiomba. Mwanamke akishatolewa kwenye nyumba kwa jina hilo, hata mtaa wa pili hawampangishi.

Mzee Kondo akaja, akatukalisha uani. Nikamvua Zuhura, nikaonyesha mistari, nikangoja Mwanahawa aape na kulia. Hakulia. Alimwita Shabani, akamkalisha mapajani, akaigeuza miguu yake ili mzee azione nyayo. Mistari ilikuwa ileile.

"Nilikuwa nakufuata Gerezani," akaniambia. "Wako anaita mama, anaita baba, anaomba maji. Wangu hata neno moja hana. Nikajua huko kuna dawa unanificha. Ukiondoka, na mimi namweka wangu palepale."

Mwanangu, nilikuwa nimesahau kabisa kwamba Zuhura anasema. Miezi yote ile nilikuwa natazama miguu.

Mzee Kondo akatuambia hapa hakuna mchawi, kuna wanawake wawili wanaochunguliana mlangoni. Akatuamuru tuwapeleke watoto hospitali, na twende pamoja.

Daktari alipoiona mistari aliuliza kwanza habari za mbwa. Akatueleza kwamba mbwa ana minyoo tumboni, mayai yao hutoka na kinyesi, na kwenye mchanga wenye joto, unyevu na kivuli huanguliwa yakawa vijinyoo visivyoonekana kwa macho. Hivyo havihitaji kumezwa. Vinatoboa ngozi vyenyewe. Vikimwingia mbwa vinajua njia ya kufika tumboni, lakini kwa binadamu aghalabu hupotea, vikabaki vinatambaa chini ya ngozi, na hiyo ndiyo mistari tuliyokuwa tunaiita uchawi. Akasema wapo na minyoo wengine wa mbwa, ambao mayai yao mtoto huyala kwa mikono yenye udongo, na hao wanaweza kwenda hadi kwenye ini au jicho. Nilimkumbatia Zuhura, nikamfuta viganja kwa kanga.

Walipewa dawa, wakapona. Nisikudanganye lakini: tukiwa palepale kwenye benchi, Zuhura alipokuwa akilia, Mwanahawa alimchukua akanyamaza, na mimi nikaona wivu upya.

Kwa hiyo sikuambii usiwe na wivu, nitakuwa mwongo. Nakwambia mtoto asikae mchangani bila nguo, wala asitembee peku wanakolala mbwa. Anawe mikono kabla ya kula. Kinyesi cha mbwa kizolewe mapema kikafukiwe mbali, na mwenye mbwa ampe dawa ya minyoo tangu angali mdogo. Na ukimwona mtoto wa mwenzio ametangulia, usimzunguke. Bisha hodi, kaa, muulize amefanyaje. Pengine atakwambia hajafanya lolote, na yeye usiku halali kwa ajili ya wako.

Nenda mwanangu, Mungu awakuzie hao watoto kila mmoja kwa wakati wake, awalinde macho na matumbo yao, na akupe jirani ambaye unaweza kumwambia usoni kwamba unamwonea wivu, akacheka, akakukaribisha ndani.