Tokeni ya Jogoo

Mama mtunza ghala wa makumbusho hakumwamini hata chembe yule mfasiri wa katalogi kuukuu za kigeni. Kila tokeni ya Warumi wa kale, kipande cha madini ya risasi mfano wa sarafu, mfasiri aliilaza kiganjani, akafumba macho kuipima uzito, ndipo akaandika. Kisha akamtupia mama wa watu jicho la wizi shingoni.

"Unatafuta nini kwangu, wewe?" siku moja mama akamfokea.

Mfasiri akalamba ncha ya penseli, akasoma katalogi taratibu: "Jogoo upande mmoja, tundu juu. Nafasi yake kwenye trei ni tupu, dada."

Mkono wa mama ukaruka kufunika kidani chake cha risasi chenye jogoo, alichoachiwa na marehemu mumewe, mtunza ghala wa kabla yake.

Mfasiri akainama, akaandika kwenye tafsiri yake kwa Kiswahili safi: "Ilipotea zamani."