BM Nyekundu Mbele ya Duka la Mama

Asubuhi moja tulikuta herufi mbili nyekundu kwenye ngazi ya jiwe mbele ya duka la mama, hapa Giakanja: BM. Mama aliacha kufagia. Aliwahi kuona maduka yakipakwa rangi kama hiyo, kisha tingatinga likafuata.

Nilianza kuuliza. Kinyozi wa jirani alijibu bila kusita: "Bomoa Mara moja. Mama, anza kuhamisha sukari!" Muuguzi aliyekuja kununua mkate alisema wodini kwao BM ni mgonjwa amepata choo. Tulicheka sote isipokuwa mama.

Nikataka kuifuta kwa mafuta ya taa. Mama akanizuia. "Huenda wameweka mpaka, na alama ya mpaka haiguswi. Unataka laana?"

Kwetu mpaka wa shamba huwekwa kwa itoka, mmea wa majani mapana, na anayeung'oa hujitafutia balaa. Basi mama hakugusa BM. Alichimbua itoka nyuma ya nyumba, akaipanda upande wa barabara, mbele ya ngazi, ili alama ya serikali ibaki ndani ya mpaka wake.

Wiki iliyofuata mpimaji wa serikali aliyekuwa ameandika BM alirudi na wenzake, akasimama mbele ya majani.

"Cucu, bibi yangu, nani amepanda hapa? Hatuoni alama yetu."

"Alama yenu iko kwangu. Inasema nini?"

Alieleza kwa subira. BM ni benchimaki. Wapimaji wa zamani walikuwa wakichonga mstari kwenye jiwe na kuchomeka chuma kama benchi dogo la kusimamishia ufito wa kupimia. Inaonyesha kimo cha mahali tu. Yeye na wenzake walichagua ngazi yetu kwa sababu ni imara, haitikisiki.

"Ati kimo tu? Na mnapima kimo ya nini?"

Akatazama barabara. "Maji ya mvua, cucu. Mitaro."

"Na mtaro utapita wapi?"

Mpimaji akageukia majani.

"Bado tunapima," akasema. "Tafadhali, ng'oa hii mimea."

"Itoka haing'olewi. Kama shida yako ni kimo, baba, pima kwenda juu. Chini ni kwangu."

Wenzake wakacheka. Mwishowe mama aliyasogeza majani kwa mkono wake, wakasimamisha ufito juu ya BM. Muda wote walipokuwa wakisoma, hakuondoa mguu wake kwenye ngazi.