Maelezo Niliyoyafumba kwa Ujanja

Jumatatu nilitamani ardhi inimeze. Bosi aliniagiza niandike maelezo ya programu yetu ya kutuma ujumbe, ili msaidizi wa akili bandia aweze kuitumia. Nikaingiwa na shaka. Nikieleza kila kitu, si Akello, mwenzangu wa ofisini, atanyakua kazi yangu? Mbona ananiletea chai kila asubuhi bila kuombwa? Mimi Mukasa nikaandika kwa kufumba: "Hutuma ujumbe kwa wahusika. Asiyeelewa amuulize Mukasa."

Kisha mimi huyohuyo nikamwagiza msaidizi amtonye bosi kuhusu Akello.

Kumbe kwake 'wahusika' ni kila mtu: simu za ofisi nzima zikalia pamoja. Akello akasoma kwa sauti: "Akello anaimezea mate kazi ya Mukasa. Asiyeelewa amuulize Mukasa."

Akanisogezea kikombe cha chai. "Ssebo, bwana wangu, mimi sijaelewa."