Mgeni Aliyejaribu Kadi

Unayedhani natunga, njoo Pasua uone nyumba yetu. Haina hata dirisha moja linalotazama Mlima. Nani anajenga hivyo Moshi bila sababu?

Miaka ile intaneti ndiyo kwanza inaingia mjini. Mume wangu, Elinami, alikuwa anapandisha watalii Kilimanjaro, nami nilishika ofisi: meza moja na kompyuta ya mtumba. Kundi la wageni wa Ulaya lilitaka kupanda nasi, mradi walipe kwa kadi kupitia mtandao. Tukishindwa, wanakwenda kampuni nyingine, na sisi tunafunga. Fundi akatutengenezea ukurasa wa malipo, akasema, "Mama, kabla ya kuufungua, mtu mwenye kadi aujaribu." Kadi! Pasua nzima nani alikuwa nayo?

Jioni moja ya masika akaingia Mzungu mzee mwenye nguo za mlimani. "Jambo, mama. Mimi nina kadi."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti! Nikampa chai. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, hakunywa. Akaandika namba zake kwa kidole kimoja, na penye nafasi ya kiongozi wa safari akaandika Elinami. Malipo yakakubaliwa. Nikapiga vigelegele. Kugeuka, hayupo. Na niamini, chai niliyoimimina ikichemka ilikuwa imeganda barafu.

Elinami alipoliona jina la mlipaji, alikaa sakafuni. "Mama Neema, huyu alifia mikononi mwangu nikiwa mpagazi. Nilimwahidi kumfikisha kileleni. Rudisha hela zake!"

Nikajaribu. Kompyuta ikajibu kwamba kadi hiyo haipo. Sasa ilikubaliwaje?

Kwetu Wachagga, ukitaka msamaha unapeleka jani la isale, na aliyepelekewa hawezi kukukatalia. Basi Elinami akapanda na kundi la rafiki yake, akaliweka jani pale alipofia yule mzee. Aliposhuka salama tukapumua. Kesho yake nafungua ofisi, jani liko juu ya meza, limekauka kwa baridi, na kwenye kompyuta kuna ujumbe: "Asante kwa jani. Tunaondoka lini?"

Jamani! Mzungu angejuaje maana ya isale? Tulimwomba radhi kwa kitu ambacho yeye alikiona zawadi.

Tulifunga ofisi. Elinami sasa anafuga ng'ombe. Lakini masika yakianza, ujumbe huo huo unaingia, siku hizi kwenye simu yake.

Kwa hiyo wewe unayefungua duka la mtandaoni, usishangilie malipo kabla hujajua mlipaji ni nani na anataka kupelekwa wapi.

Juzi nimemkuta Elinami uani, anapaka mafuta viatu vyake vya mlimani. Nilipomwuliza, aliendelea kupaka. Nimevifungia kabatini, na ufunguo nalala nao shingoni.