Neno "kuchelewesha"

Ukatizaji ni ishara ambayo kadi ya mtandao huituma kuisimamisha prosesa ili ipokee data. Data ikifurika, draiva nzuri, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo, huzichelewesha ishara hizo kwa muda usiohisika, izikusanye, prosesa isizidiwe.

Ndivyo nilivyomweleza meneja wa kampuni yetu ya intaneti hapa Kitengela leo asubuhi.

Alisikia neno moja tu.

"Kuchelewesha? Injinia, watu wanalipia speed na wewe unawachelewesha?"

Aliniamuru niuzime mpangilio huo. Nilikataa. Akauzima mwenyewe.

Wateja walipojaa mtandaoni, prosesa ya seva yetu ilizidiwa, na mtandao ukapotea hadi Kajiado mjini.

"Si wewe mwenyewe ulisema unachelewesha?" akaniuliza mbele ya wenzangu. "Sasa enda nyumbani."

Nimefutwa kazi.

Niambieni: ningesema "kukusanya", angenielewa, au angetafuta neno lingine?